Fedha imeingia, lakini haijatua: mpiga picha na kadi ya mgeni

Kwa mpiga picha wa harusi wa Arusha, Mombasa au Kigali, neno kadi lina maana tatu. Kuna kadi ya mwaliko, inayomwambia tarehe na ukumbi. Kuna kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya kamera, ambayo ikiharibika siku ya tukio hakuna maelezo yatakayomridhisha mama wa bibi harusi. Halafu kuna kadi ya tatu, ile anayoitoa mteja aliyetoka mbali akiuliza kama anaweza kulipia hapo hapo. Mbili za kwanza kila fundi anazijua. Ya tatu inaleta wateja wapya wenye uwezo, na inakuja na masharti ambayo mpokeaji huyasoma akiwa amechelewa.

Wapiga picha wamekutana na kadi kabla ya wafanyabiashara wengine wengi wadogo kwa sababu wateja wao hawatoki mtaani peke yake. Wachumba kutoka Ulaya wanafunga ndoa ufukweni Nungwi au Diani. Familia imeshuka Kilimanjaro na inataka picha za ukumbusho kabla ya kuruka. Kijana anayeishi Toronto analipia sherehe ya kumuaga dada yake mjini Moshi. Watu hawa hawatembei na bahasha ya fedha taslimu, na laini ya simu waliyonayo haina M-Pesa wala MoMo. Wana Visa au Mastercard. Mpiga picha akisema hapokei kadi, wanamshukuru na kumtafuta mwingine.

Kwa hiyo kupokea kadi ni kupata soko. Hilo halina ubishi. Linalohitaji kuangaliwa kwa makini ni aina ya fedha inayopokelewa, maana haifanani na ile inayoingia kwenye Lipa Namba ya Dar es Salaam au till ya Nairobi.

Mteja anapogusisha kadi kwenye mashine, ombi linakwenda kwenye benki ya mfanyabiashara, linapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, linafika benki ya mteja huko kwao, na jibu linarudi. Yote hayo huchukua sekunde chache. Mashine inatoa kikaratasi kilichoandikwa kwamba malipo yamekubaliwa. Fedha yenyewe inafuata baadaye, baada ya siku moja au kadhaa kulingana na mkataba, ikiwa imepunguzwa ada. Katika ukanda wetu ada hiyo mara nyingi huwa karibu asilimia 3 ya bei. Si kwamba tunaonewa sana: kampuni ya Stripe nchini Marekani kwa miaka mingi imewatoza wafanyabiashara wa mtandaoni asilimia 2.9 na senti 30 juu yake.

Ada hiyo ndiyo inayozungumzwa sana, kwa sababu inaonekana. Lakini haijamfilisi mpiga picha yeyote. Kinachoweza kumfilisi ni kwamba neno “imekubaliwa” halina maana ya “imekwisha.”

Benki iliyo upande wa mteja

Kadi ya mkopo ni deni. Mgeni anapolipia picha kwa kadi hiyo, benki yake ndiyo inayotoa fedha, na yeye atailipa benki mwisho wa mwezi au polepole. Kwa kuwa fedha ni ya benki, mteja akisema hakupata alichonunua, analalamika kwa benki yake na si kwa mpiga picha. Benki inafungua pingamizi la malipo. Fedha inavutwa kutoka akaunti ya mfanyabiashara, mara nyingi pamoja na ada ya usumbufu, kisha yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kazi aliifanya. Kwa fedha taslimu, mzigo wa kudai uko kwa mteja. Kwa kadi, mzigo umehamia kwa aliyelipwa.

Sababu za pingamizi zinajulikana: huduma haikutolewa, huduma haikuwa kama ilivyoelezwa, kazi ilifutwa na fedha haikurudishwa, au mwenye kadi anasema si yeye aliyelipa. Muda wa kulalamika ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa huduma ambayo haikutolewa, kanuni za mitandao hiyo mikubwa zinampa mteja siku 120, na siku hizo hazianzi siku aliyolipa. Zinaanza siku aliyotarajia kupata huduma. Kikomo cha mwisho ni siku 540 tangu malipo yalipopita.

Mfano utaonyesha uzito wake. Wachumba wamelipa arubuni kwa kadi tarehe 10 Aprili. Harusi ni tarehe 20 Desemba. Mkataba unasema albamu itakabidhiwa ifikapo tarehe 28 Februari mwaka unaofuata. Siku 120 kutoka hapo zinaishia tarehe 28 Juni. Ina maana fedha iliyoingia Aprili inaweza kupingwa hadi siku 444 baadaye, nayo bado ni ndani ya kikomo. Kwa wakati huo ilikwishanunua lenzi, ikalipa nauli ya boti ya Unguja, ikamlipa mpiga picha wa pili, na iliyobaki imekuwa ada ya shule.

Muuza nyanya wa Namanga hana shida hii kwa kiwango hicho. Anakabidhi kreti, analipwa, wanaagana. Mpiga picha anauza kitu ambacho hakipo bado. Anapokea leo kwa ajili ya siku itakayofika baada ya miezi minane na albamu itakayofika baada ya miezi kumi. Biashara ya namna hiyo, ya kulipwa kwanza na kukabidhi baadaye, ndiyo ambayo benki huiangalia kwa jicho la wasiwasi. Ndiyo maana baadhi ya kampuni za kupokea malipo huzuia sehemu ya fedha ya mfanyabiashara mpya kwa miezi kadhaa kama akiba. Anayeanza asishangae akikuta kipengele hicho kwenye mkataba, ila aulize ni asilimia ngapi na kwa muda gani kabla ya kutia saini.

Kwa wageni kutoka Uingereza kuna jambo la ziada. Kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo kwa walaji ya mwaka 1974 kinamruhusu aliyelipa kwa kadi ya mkopo kuidai benki yake kana kwamba benki ndiyo iliyouza, kwa bidhaa au huduma yenye bei iliyozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo inahusu hata manunuzi yaliyofanywa nje ya Uingereza. Bibi harusi wa Manchester aliyepigwa picha Zanzibar hahitaji kurudi Zanzibar kudai haki yake. Ataandika barua akiwa nyumbani kwake.

Hakuna ubaya katika hilo. Mteja anayemlipa fundi asiyemjua, aliye umbali wa saa kumi kwa ndege, analipa kwa sababu tu anajua ana pa kukimbilia. Bila ulinzi huo arubuni isingetumwa kabisa. Soko na hatari vimekuja katika bahasha moja.

Hesabu ya harusi moja

Tuchukue kazi ya shilingi 3,000,000 za Tanzania. Mpiga picha wa pili anachukua 500,000. Usafiri na malazi ni 450,000. Albamu iliyochapwa vizuri ni 550,000, uhariri 300,000, na gharama ndogondogo za bando, umeme na chakula cha wasaidizi 200,000. Jumla ni 2,000,000, na mwenye kazi anabaki na 1,000,000. Ada ya kadi ya asilimia 3 haikatwi kwenye milioni hiyo moja. Inakatwa kwenye bei yote, yaani 90,000. Hivyo asilimia 3 ya bei imekuwa asilimia 9 ya faida. Inauma, lakini inavumilika.

Mfanyabiashara wa vitenge au mchele anayesoma hesabu hii ajipime mwenyewe. Kama faida yake ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia, ada ileile inakula karibu theluthi ya faida. Kadi inamfaa anayeuza ufundi kuliko anayeuza mzigo, na kwa mwenye faida nyembamba hakuna aibu kusema hapokei kadi.

Sasa hesabu ya pingamizi. Mteja amelalamika, mpiga picha hakujibu kwa wakati, na milioni 3 zote zimerudishwa. Gharama za milioni 2 alikwishazilipa na hazirudi. Kila harusi nyingine inamwachia 910,000 baada ya ada. Harusi mbili nzima, pamoja na usiku wote wa kuhariri, hazitoshi kuziba pengo. Atahitaji ya tatu.

Wako wanaojaribu kumwongezea mteja wa kadi asilimia 3 juu ya bei ili ada isiwaguse. Mikataba mingi ya benki inakataza jambo hilo, na mteja akituma picha ya risiti, mfanyabiashara ndiye anayeulizwa. Njia ya kawaida ni kuweka bei moja inayobeba gharama hiyo tangu mwanzo. Mteja wa karibu anayelipa kwa benki au kwa simu anaweza kupewa punguzo, ikiwa mkataba unaruhusu.

Mashine, kiungo na mpaka

Kupata mashine ya kadi au akaunti ya kupokea malipo mtandaoni si jambo la studio iliyojificha. Benki zinataka jina la biashara lililosajiliwa, iwe BRELA nchini Tanzania, URSB Uganda, RDB Rwanda au kwa msajili wa biashara wa Kenya. Zinataka namba ya mlipakodi, leseni na akaunti ya benki kwa jina hilohilo. Kampuni kama Pesapal, DPO na Selcom hufanya kazi ya kati kwa wasiotaka kuzunguka benki moja moja, lakini nazo zitaomba karatasi zilezile. Malipo ya kadi yanaacha alama, na mamlaka za kodi zinajua kuzisoma. Anayepokea kwa kadi ajiandae kutoa risiti ya EFD, eTIMS, EFRIS au EBM kulingana na nchi yake.

Jina hilo lina kazi nyingine ambayo haifikiriwi. Ndilo litakalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Studio inajulikana Instagram kwa jina la kuvutia, lakini imesajiliwa kwa jina la babu pamoja na neno “Enterprises.” Mwezi mmoja baadaye mtu aliyeko Hamburg anapitia matumizi yake, anakuta jina asilolijua kutoka nchi ya mbali, anapiga simu benki kusema ameibiwa. Hana nia mbaya. Hakukumbuka tu. Dakika moja ya kumwambia mteja “kwenye taarifa yako utaona jina hili” ingezuia barua nyingi.

Mashine na kiungo cha malipo havina hatari sawa. Mteja akiwa mbele ya mashine, kadi yenye chipu ikasomwa na akaweka namba ya siri, dai la kwamba kadi ilikuwa ya wizi kwa kawaida linabaki kwa benki iliyoitoa. Kwa kiungo kinachotumwa kwa WhatsApp au barua pepe, mteja hayupo, na hatari ya wizi huwa kwa mfanyabiashara, isipokuwa malipo yamepitia uhakiki wa ziada, ule ambao benki ya mteja humtumia msimbo kwenye simu au kumtaka athibitishe kwenye programu yake. Mpiga picha anayefungua akaunti aulize swali hilo moja kabla ya kuuliza asilimia: je, uhakiki huo umewashwa? Kama haujawashwa, aombe uwashwe, hata kama mteja mmoja mmoja atalalamika kwamba malipo yanachukua muda.

Kisichokubalika ni mteja kupiga picha kadi yake mbele na nyuma na kuituma kwa WhatsApp ili mpiga picha “aijaze mwenyewe.” Inatokea kwa nia njema kabisa, hasa kwa wateja wazee. Viwango vya usalama wa kadi, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na mitandao mikubwa kwa pamoja, vinakataza kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kukubaliwa. Simu ya mpiga picha inashikwa na msaidizi, inaachwa chaji ukumbini, inapelekwa kwa fundi. Picha ya kadi ya mtu haipaswi kuwa humo. Jibu zuri ni kuifuta na kutuma kiungo.

Hapa wafanyabiashara wa mpakani wanahitaji tahadhari ya pekee. Mashine ya kadi imesajiliwa kwa nchi moja. Mpiga picha wa Arusha aliyepata kazi Amboseli, umbali mfupi tu kutoka Namanga, hapaswi kuvuka na mashine yake ya benki ya Tanzania na kupokea malipo Kenya. Laini iliyo ndani ya mashine inaweza kushika mtandao wa upande wa pili na malipo yakapita kabisa, kisha akaunti ikafungwa wiki moja baadaye, kwa sababu kanuni za mitandao ya kadi zinataka malipo ya ana kwa ana yapokelewe na benki yenye ruhusa katika nchi husika. Anayepiga picha pande mbili za mpaka ni heri apokee kwa kiungo kabla ya safari, biashara yake ikiwa imesajiliwa nyumbani, na mashine aiache ofisini.

Dola zimeondoka kwenye bango

Kwa miaka mingi bei za picha kwa watalii ziliandikwa kwa dola. Tanzania ilibadilisha hilo mwezi Machi 2025, kanuni mpya zilipokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Benki Kuu iliwaelekeza wageni kubadilisha fedha zao kwenye benki na maduka ya fedha au kulipa kwa kadi. Kwa hiyo kadi imepata uzito ambao haikuwa nao: mgeni anaona bei kwa shilingi, anagusisha kadi, benki yake inageuza kuwa euro au pauni, na mpiga picha anapokea shilingi. Hakuna anayebishana kuhusu noti ya dola iliyochakaa au ya toleo la zamani.

Mashine nyingine zitampa mteja chaguo la kulipa kwa fedha ya kwao. Linaonekana la kirafiki, lakini kiwango cha kubadilishia huwa kibaya kwake, na faida inagawanywa na watu wengine. Mteja aachwe achague mwenyewe. Mpiga picha anayembonyezea kitufe hicho bila kumuuliza ananunua lalamiko.

Kubadilisha fedha kunaleta ugomvi mwingine mdogo wakati wa kurudisha. Harusi imeahirishwa, mpiga picha anarejesha shilingi zilezile alizopokea, lakini kiwango kimebadilika na mteja anaona amepungukiwa euro kumi na tano. Hilo liandikwe kwenye mkataba kwa sentensi moja: kinachorudishwa ni kiasi kilekile cha shilingi. Na kirudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kurudisha kwa njia nyingine ndiyo milango wanayoingilia matapeli.

Utapeli huo unawalenga wapiga picha dunia nzima, na sura yake haibadiliki. Mteja asiyejulikana anaandika kwa adabu, hataki kupiga simu, anakubali bei bila kupunguza. Anasema mpambaji au mshereheshaji wake hapokei kadi, hivyo atalipa zaidi ya bei, kisha mpiga picha amtumie mpambaji tofauti kwa simu au kwa huduma ya kutuma fedha. Malipo yanapita. Mpiga picha anatuma. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi halisi anagundua wizi, benki inavuta kiasi chote, na kile kilichotumwa kwa simu kimeshatolewa kwa wakala. Harusi haikuwepo. Mteja asiyebembeleza bei, kwa uzoefu wa biashara za kwetu, anastahili kuulizwa maswali zaidi ya anayebembeleza.

Jirani hahitaji kadi

Mteja wa Nairobi anayefunga ndoa Moshi ana njia nafuu zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu 2015 Safaricom na Vodacom Tanzania wanaunganisha watumiaji wao kuvuka mpaka. Mwaka mmoja kabla ya hapo Tigo ilikuwa imeunganisha Tanzania na Rwanda. Kwa kiasi kikubwa zaidi kuna uhamisho wa benki kupitia mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, ulioanza mwishoni mwa 2013 kwa kuunganisha benki kuu za Kenya, Tanzania na Uganda kabla Rwanda haijaingia. Fedha inatumwa kwa shilingi ya nchi mojawapo bila kupitia dola. Wateja wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba hivyo kwenye tawi lao, na makarani wengine nao wanahitaji kukumbushwa.

Malipo ya njia hizo hayana siku 120. Yakifika, yamefika. Kwa hiyo mpiga picha mwenye wateja wa aina mbili ana haki ya kuwaongoza: jirani kwa simu au benki, mgeni wa mbali kwa kadi. Mstari huo umeanza kufifia, kwani tangu Juni 2022 mtumiaji wa M-Pesa nchini Kenya anaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya simu yake na kulipia mtandaoni hata kama hana akaunti ya benki. Kama mteja wa Kisumu akilipa kiungo kwa kadi hiyo, mpiga picha anakatwa ada ya kadi kama vile mteja angekuwa Paris. Ni vizuri kuwauliza wateja mapema wanakusudia kulipaje.

PayPal, inayotajwa sana na wageni, haijawa jibu sawa kwa kila nchi. Mkenya anaweza kupokea, na tangu 2018 anaweza kuhamishia fedha hiyo M-Pesa. Nchini Tanzania kwa miaka mingi akaunti ziliruhusiwa kulipa tu, si kupokea. Wengine wamejaribu kutumia akaunti ya ndugu aliye Nairobi au Ulaya. Lakini pingamizi likija, linamkuta ndugu, na akaunti inayopokea malipo ya biashara ya mtu mwingine katika nchi nyingine huzuiwa kirahisi, fedha ikiwa ndani.

Faili la siku ya pingamizi

Benki ikileta taarifa ya pingamizi, hutoa siku chache za kujibu. Hazitoshi kuanza kutafuta ushahidi. Zinatosha kuutuma tu, ikiwa upo.

Ushahidi wa kwanza ni mkataba uliotiwa saini kabla ya malipo, katika lugha ambayo mteja anaisoma. Uwe na idadi ya saa za kazi, idadi ya picha zitakazohaririwa, tarehe ya kukabidhi, na nini kinatokea kila upande ukivunja. Sharti la kutorudisha arubuni lina nguvu pale tu mteja alipolisoma kabla ya kulipa. Likitumwa baada ya ugomvi kuanza, benki hailihesabu. Wenye uzoefu hutenganisha kabisa: malipo ya kwanza ni ya kushika tarehe, yakiandikwa hivyo kwenye ankara, kwa sababu tarehe imeshikwa kuanzia siku hiyo na wateja wengine wamekataliwa. Huduma hiyo imeshatolewa. Malipo ya pili huja wiki chache kabla ya harusi, na ya mwisho siku ya kukabidhi. Kwa kugawanya hivyo, sehemu kubwa ya fedha inapokelewa karibu na kazi, na muda wa wasiwasi unafupika.

Tarehe ya albamu nayo iandikwe kwa uaminifu. Wapiga picha wa ukanda huu wanasifiwa kwa kazi na kulaumiwa kwa kuchelewa, na hilo la pili kila aliyewahi kuoa analijua. Kwa mteja wa mtaani kuchelewa ni simu nyingi za “bado kidogo tu.” Kwa mteja wa kadi, siku iliyoahidiwa ikipita bila kitu, lalamiko la huduma kutotolewa limepata miguu. Aliyezoea kuchukua wiki kumi asiandike wiki nne ili kupendeza.

Halafu kukabidhi. Picha zikitumwa kwa kiungo cha kupakua, iwe huduma inayoonyesha tarehe na saa zilipopakuliwa. Albamu ikisafirishwa, namba ya mzigo na saini ya mpokeaji zihifadhiwe. Na mteja aombwe athibitishe kwa maandishi. Ujumbe wa maneno manne, “Tumezipata, ni nzuri sana,” upigwe picha ukionyesha namba na tarehe, uwekwe kwenye faili la mteja huyo pamoja na mkataba, ankara na risiti, na faili lisifutwe kabla siku 540 hazijaisha tangu malipo ya mwisho. Kumbukumbu za picha zenyewe hutunzwa kwenye diski mbili. Faili la malipo halichukui hata nafasi ya picha moja.